Maneno ya Mwisho ya Muyisa

Asubuhi, mtaa wa Rughenda huamka ndani ya ukungu. Baridi ya Butembo haina huruma na mtu. Kyakimwa alizoea kuamka mapema, kuwasha makala na kupika chai kabla mume wake hajaondoka. Majirani walimwita Mama Ariel, kwa jina la binti yake wa kwanza.

Mume wake aliitwa Muyisa. Alikuwa mnunuzi wa kakao. Kila mara alipanda moto yake nyekundu, yaani pikipiki, akaenda Beni, akazunguka mashamba ya upande wa Ruwenzori. Kiti cha moto ile kilipasuka zamani. Muyisa alikishona mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi, manyoya yake bado yapo.

"Papa Ariel, ile moto yako siku moja italia meee!" majirani walimtania.

"Ikilia nitaipa majani," alijibu, akacheka na kukohoa. Kikohozi chake kilijulikana mtaa mzima.

Muyisa alikuwa na rafiki wa tangu shule, jina lake Lusenge. Mashamba yao yalipakana. Mwaka ule waligombana kwa sababu ya mpaka. Walipaza sauti mbele ya kanisa, watu wakitoka ibadani. Lusenge, kwa hasira, alisema, "Utaona!" Maneno ya namna hiyo sote tumewahi kuyasema. Lakini watu waliyaweka akilini.

Siku moja Muyisa alikwenda Beni asirudi. Kesho yake kamioneti ya mboga, gari dogo la mizigo, ilisimama mbele ya nyumba. Dereva, kijana aitwaye Vagheni, alishuka bila kusalimia. Nyuma, juu ya turubai, alilala Muyisa. Kichwa chake kilikuwa kimepasuliwa. Vagheni alimwokota kando ya barabara, akamkimbiza kituo cha afya. Polisi walipomaliza kumtazama, akamleta nyumbani.

Kyakimwa alimwosha mume wake kwa mikono yake. Kamba za viatu zilikuwa zimekaza kwa matope. Vidole vilishindwa, akazifungua kwa meno.

Nani alimuua? Wengine walisema ni waasi. Lakini siku ile hakuna kijiji kilichoshambuliwa, na moto nyekundu ilikuwa imepotea. Hakuna aliyejua.

Kilio kikaanza. Kwetu mtu akifika kwenye kilio hakai tu kama mzigo. Anasalimia, anapewa nafasi karibu na moto wa kuni, kisha anauliza, "Alikufa namna gani?" Hapo mmoja wa familia anapaswa kumweleza yote tangu mwanzo. Akifika mwingine, maelezo yanaanza upya. Ni desturi nzuri, ni heshima kwa mgeni na kwa marehemu. Lakini hadithi inayosemwa mara nyingi hunenepa, hata kama wasemaji ni watu wema.

Msemaji wa familia alikuwa Eliezer, mdogo wa Muyisa. Siku ya kwanza maelezo yalikuwa mafupi. Kaka alikwenda Beni, akaokotwa barabarani, akaletwa amekufa. Basi.

Asubuhi iliyofuata Kyakimwa aliamka akitetemeka. Aliwaambia wanawake waliokuwa naye kwenye moto, "Muyisa amekuja. Alisimama ku mulango, viatu iko mu mukono. Akasema, Lusenge. Kiisha akanyamaza." Wanawake walimshika mabega wakalia naye. Siku zile zilimpita Kyakimwa kama moshi. Hakukumbuka aliyekuwa pale, wala yote aliyoyasema.

Toka siku ile, marehemu alianza kuongea. Mchana, katika maelezo ya Eliezer, Muyisa alitaja jina moja kabla ya kufa. Jioni alitaja jina na kosa. Kabla kilio hakijaisha, maiti ile iliyofika kimya ilikuwa inasema sentensi nzima nzima.

Na Eliezer alikuwa na sauti ya kaka yake. Alipofika mwisho wa maelezo aliinamisha kichwa. Alikohoa kile kikohozi. Kisha sauti ya Muyisa ilitoka ndani yake, nzito, ya mtu aliyeumizwa.

"Lusenge... wewe njo umeniua... juu ya mupaka..."

"Alisema vile," Eliezer alimalizia kwa sauti yake mwenyewe, "viatu vyake mukononi."

Watu waliziba vinywa. Kumbe Lusenge ndiye aliyemuua, kwa ajili ya mpaka! Mara ya kwanza Ariel alipoisikia sauti ile, alikuwa nyuma ya nyumba. Alikuja mbio akiita, "Papa!" Akatazama kila uso, na baba hayumo. Tangu hapo mtoto hakutaka kukaa karibu na ami yake.

Kyakimwa hakuwa na shaka. Muyisa alimtaja Lusenge kule Beni, kisha akaja kumwambia yeye mwenyewe katika ndoto. Mara mbili! Angetaka ushahidi gani tena? Lusenge alikamatwa kabla hajafika kwenye kilio. Siku ya mauaji na yeye alikuwa Beni, na hilo lilitosha kwa watu wote. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Nawaheshimu wahenga, lakini pale neno liliharibikia mikononi mwa wengi.

Miezi ikapita. Siku ya tribunali, yaani mahakama, ikafika. Watu wa Rughenda walijaza mabenchi. Juge, hakimu wa kesi, aliwakumbusha kwamba kosa la kuua kwa kukusudia linaweza kumpa mtu hukumu ya kifo. Lusenge alisimama mbele, amekonda, koti limemzidi.

Eliezer aliitwa. Alieleza kama alivyozoea kwenye kilio. Alipofika mwisho aliinamisha kichwa, akakohoa, na sauti ikatoka.

"Lusenge... wewe njo umeniua..."

Lusenge alishika ubao uliokuwa mbele yake kwa mikono miwili. Sauti ile aliijua tangu utoto. Machozi yakamtoka, na watu wakanong'ona, "Unaona? Anajua!"

Avocat wa Lusenge, wakili wake, akasimama polepole, akamgeukia juge.

"Monsieur le président, niko na ulizo moja. Hapana ya Eliezer. Ni ya huyu mwenye amesema sasa hivi."

Juge akaweka kalamu chini. "Uliza."

Avocat alimgeukia Eliezer, akamtazama kifuani, mahali sauti ilipotoka. "Muyisa, ile saa batu balikupiga, ulimuona Lusenge na macho yako? Ao balikupiga toka nyuma?"

Eliezer alifungua kinywa. Hakuna kilichotoka.

"Muyisa, ulikuwa wapi? Nani alikuwa pembeni yako, akasikia?"

Eliezer alijaribu kukohoa. Hata kikohozi hakikuja. Upepo uligonga bati la paa, na watu wawili watatu wakageuka kuutazama mlango. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Sijue," Eliezer akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, yake mwenyewe. "Mi hapana nilikuwako."

"Donc nani alikuambia?"

"Mama Kahongya, ule wa sokoni."

Juge akaandika. Akasema kesi inaahirishwa. Kahongya aitwe, na yeyote aliyemwambia Kahongya aitwe pia. "Tribunali inataka mutu mwenye alisikia na masikio yake mwenyewe," alisema.

Kyakimwa alirudi nyumbani amewaka hasira. Jirani yake, Maître Jokébed, alikuwa avocate. Nyumba zao zilipakana, na kuku zao hawakujua mpaka. Kyakimwa aliingia kwake bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Maître, mufu hana haki ya kusema? Baue mutu, kiisha bazibe na kinywa yake?"

"Ikala kwanza, Mama Ariel." Jokébed alimmiminia chai. "Haki iko nayo. Sheria yetu hapana inafunga mulango. Kama mutu aliikala na Muyisa, akasikia maneno yake mbele akate roho, juge anaweza kumusikiliza. Tukizibaga kabisa maneno ya mwenye ameuawa, bauaji bengi batafurahi."

"Sasa tatizo ni nini?"

"Tatizo ni kuuliza. Ule mwenye alisikia, tutamuuliza. Ulikuwa wapi? Muyisa alikuwa na akili yake? Alimuona mutu, ao alizani tu? Lakini neno lenye limepita ku midomo mingi, tutaliuliza nani? Leo avocat ameuliza Muyisa. Ulisikia jibu?"

Kyakimwa alizungusha kikombe mikononi.

"Katiba yetu inasema mutu ni bila kosa mupaka tribunali ihakikishe kosa lake. Lusenge anaweza kupewa kifo. Lazima apate njia ya kumuuliza mwenye anamushitaki. Na juge anatafuta kitu ingine pembeni ya neno. Mutu mwenye aliona. Ile moto. Damu ku nguo. Neno la kusikia peke yake ni jepesi. Shaka ikibakia, inamusaidia mushitakiwa."

"Na kama njo yeye aliua?"

"Kama njo yeye, tupate ya kuonyesha. Kama hapana yeye, basi muuaji wa bwana yako anakulaga na kulala muzuri. Hapana mutu anamutafuta."

Neno hilo lilimchoma Kyakimwa. Alikuwa hajalifikiri hata siku moja.

Jokébed akaweka kikombe chini. "Kitu moja inanisumbua. Eliezer anasema Muyisa alishika viatu mukononi. Mutu wa kupasuka kichwa anavua viatu?"

Kyakimwa aligusa midomo yake. Kinywani alisikia tena ladha ya matope na kamba.

"Viatu vilikuwa ku miguu," alisema. "Mimi njo nilivivua. Mu ndoto yangu njo alivishika."

Jokébed alimtazama, naye akashtuka. "Mama Ariel, enda uulize. Ulizo moja tu. Ulisikia wewe mwenyewe? Usiongeze kitu."

Kesho yake Kyakimwa alikwenda sokoni. Njiani alisimamishwa na mwanamke asiyemjua hata jina. "Pole, mama. Tulisikia namna alimutaja Lusenge, viatu mukononi." Kwenye bomba la maji, msichana alimweleza mwenzake habari hiyohiyo, na alipofika kwa Muyisa alikohoa. Alikohoa vizuri sana. Kyakimwa alipita haraka, ndoo za watu zikimgonga miguu.

Kahongya aliuza makayabu, samaki wa chumvi. Alifuta mikono, akamkumbatia.

"Mama Kahongya, ulisikia Muyisa anasema? Wewe mwenyewe?"

"Mimi? Hapana. Ni Vagheni alinambia, ule dereva. Yeye njo alimubeba!"

"Alikuambia Muyisa alisema mu gari?"

Kahongya alifikiri. "Alisema Muyisa alimutaja Lusenge. Sasa, mutu anabebwa mu gari, akataje wapi kama si mu gari? Njo vile nilimwambia Eliezer."

Vagheni alikuwa kwenye maegesho ya magari ya Beni. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Alikuwa anaosha sehemu ya nyuma ya kamioneti, na alipomwona Kyakimwa kitambaa kilimwanguka.

"Vagheni, mutoto yangu, nambie. Bwana yangu alisema nini mu gari?"

"Mama... hapana kitu. Nilimuokota amekwisha kukata roho. Kituo cha afya balisema vilevile. Njia yote alinyamaza."

"Donc nani alikuambia juu ya Lusenge?"

Kijana alimtazama, kisha akatazama chini. Maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye gari.

"Ni wewe, mama."

Kyakimwa alishika ubavu wa gari.

"Asubuhi ile nilikuwa nyuma yenu, niko naota moto. Ulisema Muyisa amekuja, amesimama ku mulango, viatu mukononi, akasema Lusenge. Ndoto ao hapana ndoto, sikujua. Nikamwambia Mama Kahongya, Muyisa alimutaja Lusenge. Njo hiyo tu nilisema."

Kyakimwa aligeuka nyuma, akiwa na hakika kwamba mtu amesimama mgongoni mwake. Ulikuwa ukungu tu. Alikuwa ameifuata sauti ya mume wake kutoka kinywa hadi kinywa, na mwisho wa njia alikuta kinywa chake mwenyewe. Ndoto na ushahidi, vile vitu viwili alivyovitegemea, vilikuwa kitu kimoja. Na ndoto yenyewe? Jioni ile kabla ya kulala alikuwa anafikiri habari za mpaka. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku alipoletewa maiti.

"Wewe uliona nini, Vagheni?" aliuliza. "Na macho yako."

Vagheni alivuta pumzi. "Mbele ya kumuokota, ku kona, nilikutana na banaume babili. Balikuwa nasukuma moto nyekundu, bakielekea njia ya Eringeti. Kiti yake ilikuwa na ngozi ya mbuzi. Moja yao namujua sura. Alikuwa anapakiaga kakao ku barrière, kule magari inasimamishwaga. Shati yake ilikuwa na damu ku mukono."

"Na ulinyamaza!"

"Polisi baliniuliza tu nilimuokota wapi. Nikafika huku, batu bote beko nasema Lusenge. Bote, mama! Nikasema mu roho, labda mimi njo sikuona muzuri."

Tazama jambo hili, msomaji. Neno la kusikia lilimshitaki asiye na kosa, na zaidi ya hapo lilimnyamazisha aliyeona.

Jioni Kyakimwa alimweleza shemeji yake. Eliezer alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mulamu, usiseme hiyo mbele ya juge. Famille yote itakucheka. Batasema mwanamuke aliota, mutu akafungwa! Lisemwalo lipo."

"Lisemwalo ni mimi nililisema, Eliezer. Na nilikuwa nalala."

"Na mimi?" Uso wa Eliezer ulikunjamana kama wa mtoto. "Nikiacha kusema na sauti yake, nitamusikia wapi tena?"

Kyakimwa alimshika mkono, wakalia pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi walimlilia Muyisa mwenyewe, bila Lusenge katikati.

Siku ya kesi Kyakimwa alisimama. Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa unasubiri amtie Lusenge hatiani.

"Bwana yangu alifika nyumbani na viatu ku miguu," alisema. "Hiyo niliona, na mikono yangu ilishika. Maneno ya Lusenge ni ndoto yangu. Niliisema ku kilio. Ikatembea, ikanirudilia, nikaipokea kama mugeni. Hapana mutu alimusikia Muyisa. Mi naomba musiue mutu juu ya ndoto yangu."

Watu walipiga kelele. Mmoja alimtukana waziwazi. Juge aligonga meza. Kahongya alieleza alichosikia, na kwa nani. Kisha Vagheni akaitwa. Yeye aliulizwa maswali mengi, na avocat wa Lusenge na upande wa mashitaka. Kona ipi? Mwanga ulikuwaje? Mkono upi wenye damu? Alijibu yote, kwa sababu alikuwepo. Pale asipojua, alisema hajui.

Lusenge aliachiliwa. Juge alisema tribunali haikukataa kusikiliza maneno ya watu, lakini haikuona mtu hata mmoja aliyeyasikia kwa marehemu, wala kitu kingine cha kuyashika mkono. Baada ya muda moto nyekundu ilipatikana Eringeti, na ngozi yake ya mbuzi. Mtu aliyekuwa anaiendesha alikamatwa. Naye alipewa avocat, naye akaruhusiwa kumwuliza Vagheni. Kyakimwa alihudhuria kila siku ya kesi ile, akasikiliza bila kuongeza neno.

Pale Rughenda sasa, kwenye kilio, msemaji wa familia hutenganisha. Kwanza husema yale waliyoyaona. Kisha husema yale waliyoyasikia, na jina la aliyewaambia. Wazee wengine walinung'unika kwamba maelezo yamekuwa mafupi mno. Yamekuwa mafupi, kweli. Lakini hakuna mtu mwingine wa mtaa ule aliyefungwa kwa maneno ya kilio.

Lusenge alikaa nyumbani kwake muda mrefu bila kutoka. Halafu, alasiri moja, alikuja. Kyakimwa alikuwa anachambua maharagwe uani, Eliezer anapasua kuni. Lusenge alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Mi sikufikaga ku kilio," alisema. "Balinifunga mbele nifike."

Kyakimwa alitaka kupiga magoti kumwomba msamaha. Lusenge alimzuia kwa mkono. Akavuta kigoda, akakaa kama mgeni wa kilio anavyokaa.

"Rafiki yangu alikufa namna gani?"

Eliezer aliweka shoka chini. Alimtazama shemeji yake, akatikisa kichwa. Basi Kyakimwa akaeleza. Alisema juu ya safari, kamioneti, kichwa, viatu. Alisema juu ya moto nyekundu na wanaume wawili, na kwamba hayo aliyasikia kwa Vagheni, aliyeona. Akafika mwisho. Maelezo hayakuchukua muda.

Lusenge alingoja. "Na mbele akate roho," aliuliza polepole, "alisema nini?"

Eliezer aliinamisha kichwa. Kyakimwa aliona kifua chake kikipanda, akaogopa. Lakini Eliezer alishusha tu pumzi.

"Hatujue, Lusenge," Kyakimwa akasema. "Alikufa peke yake. Hapana mutu alikuwako wa kumusikia."

Lusenge alifunika uso kwa kofia yake, akamlilia rafiki yake.